Mama alipofuka kwa glakoma, niache maziwa na dawa ya presha?

SWALI: Habari daktari, mi mwanamke wa miaka 42 niko Arua. Mama alipofuka kwa glakoma, alichelewa hospitali sababu jicho halikuwa linamuuma. Sasa kwenye grupu la WhatsApp la familia mtu katuma eti jeni za kalsiamu ndo zinaleta glakoma, ndugu zangu wameacha maziwa kabisa, na mimi nameza amilodipini ya presha ambayo nayo nasikia ni mambo ya kalsiamu. Niache?

JIBU: Pole sana dada, na mama msalimie. Maziwa kunyweni leo leo, hayana kosa, na dawa ya presha usiache hata siku moja, presha ikipanda bila dawa unaweza kupata stroku.

Hiyo meseji ina ukweli ndani ila imepindishwa. Kila seli mwilini ina vimlango vya kupitisha kalsiamu, na jeni ndo zinaamua vimlango vitengenezwe vipi na viwe vingapi, maziwa hayabadilishi hilo. Sasa jicho linatengeneza maji ndani yake muda wote, sio machozi, na yanatoka kwa kichujio kidogo pale kwenye kona yake, yakikwama presha ya jicho inapanda, na pole pole neva ya kupeleka picha kwenye ubongo inakufa. Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi na panya walikuta jeni moja ya vimlango hivyo, inaitwa CACNA2D1, inahusika na presha ya jicho, kisha wakaangalia watu wenye glakoma wakaona jeni hiyo hiyo inajitokeza. Wakawatia panya matone ya pregabalini, dawa inayoshika hapo hapo kwenye hicho kimlango, na presha ikashuka, tena ilishuka kwa kiasi tofauti kulingana na panya karithi jeni ya aina gani. Mi hiyo inanipa matumaini sana. Lakini ni panya dada, tafadhali mtu asije akasaga vidonge vya pregabalini akatia machoni!

Kuhusu amilodipini, utafiti wa Uingereza wa 2023 uliona wanaotumia dawa za kundi lake, yaani zinazoziba vimlango vya kalsiamu, wana glakoma zaidi kidogo, ila presha yao ya jicho haikuwa juu, na haijathibitishwa kwamba dawa ndo chanzo. Kwa hiyo mwambie daktari wa macho unaimeza, basi.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni wewe na ndugu zako, manake mzazi akiwa na glakoma watoto wako hatarini zaidi, na sisi Waafrika inatuanza mapema. Panga nao muende wote, hata hospitali ya Ruharo kule Mbarara au ya Mengo hapa Kampala kama karibu hamna. Msikubali kupimwa presha ya jicho tu, kawaida ni kati ya 10 na 21 lakini kuna mtu ana 17 na neva inakufa, so ombeni waangalie neva yenyewe na wapime upana wa kuona. Ikipatikana mapema kuna matone, yanasaidia isiendelee, ila kilichopotea hakirudi. Na kama kuna mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa, mojawapo ya matone hayo, timololi, inaweza kumbana kifua vibaya.