Barua kwa mwanangu: Herufi moja

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama uache fasihi uhamie uhasibu, maana wenzako wanakwambia fasihi haina kazi. Nitakujibu. Lakini ngoja kwanza nikusimulie habari ya herufi moja, herufi n.

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo tulipewa Utendi wa Mwana Kupona tuuchambue, ule ambao mama huyo mshairi alimtungia bintiye mwaka 1858. Siku hizo mimi na bibi yako tulikuwa hatusemezani, kwa yale unayoyajua. Basi nikausoma kwa kinyongo changu. Nikajaza kurasa sita kwamba huyu ni mama wa amri tupu, fanya hiki, acha kile. Tena nikajitia ujuzi wa arudhi, zile kanuni za ushairi. Kila kipande cha utenzi kina mizani nane, yaani silabi nane, nikaandika, lakini kipande cha kwanza kabisa, "Negema wangu binti", kina saba, mshairi kateleza. Nikakipigia mstari mwekundu.

Mwalimu hakunikaripia. Aliniita mbele akasema, "Soma kwa sauti." Nikasoma. "Tena, polepole." Mara ya tatu nikaisikia: bi-n-ti. Ile n inasimama peke yake, ina mizani yake. Nane kamili. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuhesabu kwa vidole kabla yangu. Kisha akauliza, "Na negema maana yake nini?" Sikujua. Neno la Kiamu, lahaja ya Lamu, nilikuwa nimeliruka tu. "Sogea," akasema. "Njoo karibu."

Nilirudi kitini uso ukiniwaka, na hata sasa ninapoandika unawaka. Ila jioni ile nilizisoma beti zote upya, kwa sauti, mlango nimeufunga, na sijawahi kuwa na jioni kama ile. Kumbe Mwana Kupona ni mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, anamwita mtoto asogee na wino na karatasi kwa sababu ana neno hajapata kumwambia. Yote hayo yalikuwamo nilipoandika kurasa zangu sita. Sikuyasikia kwa kuwa nilisoma kwa macho. Shairi lisomwe kwa sauti kwanza, mwanangu. Nimekwambia tangu hujajua kusoma, na nakwambia tena: kwa sauti kwanza.

Lakini hapana, nisiupambe. Mengi anayomwagiza binti kuhusu kumtii mume siyakubali hata leo. Katika insha ya pili niliyakataa vilevile, ila safari hiyo nilijua ninamkatalia nani. Ni furaha hiyo ninayotaka uielewe, ya kubishana usiku kucha na mtu aliyekufa zamani, na asubuhi ukaamka umempenda zaidi. Sijaipata kwingine. Au pengine ipo kwingine nami sikuitafuta. Shangazi yako husema hesabu zikilingana usiku wa manane naye husikia raha ya namna hiyo, na sina haki ya kumkanusha.

Wiki ileile nilimwandikia bibi yako. Ndiyo barua uliyoikuta kwenye sanduku la kijani, ukaniuliza mbona inaanza na neno usilolijua.

Sasa uhasibu. Kazi si jambo dogo, na sitaki uje uniambie niliyapamba mashairi ukakosa riziki. Tena si haki yangu kukuamulia. Mimi niliamuliwa, na unajua tulifikia wapi. Sentensi ya hukumu nimeiandika hapa mara mbili na mara mbili nimeikata. Unaweza kuisoma chini ya wino ukiinua karatasi kwenye mwanga, lakini nakuomba usifanye hivyo.

Unasema fomu inarudishwa mwisho wa mwezi. Usiijaze kabla hujaja nyumbani. Na uje na yale mashairi mnayosoma muhula huu.

Mama yako