Picha za jangwani hupangwa kabla ya kuondoka nyumbani

Kundi letu la watu kumi na mmoja liliondoka Nakuru mwezi wa Desemba kwenda Namibia, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kupiga picha. Tulikuwa tumefanya vikao vitatu vya maandalizi, tukajadili nauli, chakula na malazi, lakini hakuna aliyeuliza picha zingepigwa saa ngapi wala nani angemsubiri nani. Naeleza hasara tuliyoipata kwa kusahau jambo hilo, kwa kuwa wengi wetu husafiri kwa makundi, tena baada ya kuweka akiba kwa miaka.

Mahali pa kulala ndipo penye uzito kuliko kamera yoyote. Matuta mekundu ya Sossusvlei yamo ndani ya hifadhi ya Namib-Naukluft, na lango la Sesriem hufunguliwa jua linapochomoza, ilhali waliolala kwenye kambi zilizo ndani ya lango huruhusiwa kutangulia. Kutoka langoni kuna takriban kilomita 60 za lami, kisha kilomita 5 hivi za mchanga zinazohitaji gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, halafu mnatembea kwa miguu. Sisi tulichagua malazi ya nje kwa sababu ya unafuu wake, na tulipofika Deadvlei, kwenye bonde la udongo mweupe ambamo miti iliyokufa karne nyingi zilizopita ingali imesimama kwa kuwa ukavu haukuiruhusu kuoza, jua lilikuwa limekwisha kupanda. Uzuri wa tuta la mchanga unatokana na kivuli: asubuhi upande mmoja unawaka na wa pili ni mweusi, na ukingo unaotenganisha pande hizo ndio unaoipa picha umbo. Jua likishafika juu, ukingo huo hupotea.

Kwa kutaka kufidia saa nilizozikosa, niliwashikilia wenzangu pale bondeni muda mrefu kupita kiasi. Mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, maji yangu yamekwisha." Gari lilikuwa umbali wa kama kilomita moja, nasi tulimrudisha polepole tukimkinga kwa leso. Tangu siku hiyo nasisitiza kwamba picha za kundi zima zipigwe kwanza, asubuhi, kila mtu akiwa na nguvu, na kwamba saa ya kurudi garini iafikiwe jioni iliyotangulia, na mpiga picha awe wa kwanza kuitii.

Sura zetu zinahitaji uangalifu wa pekee. Kamera huona weupe mwingi wa ardhi, ikadhani mwangaza umezidi, ikaupunguza, na mtu mweusi aliyesimama mbele yake akatoka kama kivuli kisicho na macho wala tabasamu. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo kisha upandishe mwangaza kwa kidole; kwenye kamera, tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze hatua moja au zaidi kidogo. Fanya zoezi hili nyumbani kabla ya safari: msimamishe ndugu yako mbele ya shuka jeupe lililoanikwa juani saa sita, na urudie mpaka uso wake utoke kama unavyouona kwa macho.

Sisi wa Nakuru tunajidai kulijua vumbi, lakini mchanga wa jangwani ukichukuliwa na upepo hupenya hata kwenye zipu. Usibadilishe lenzi nje ya gari. Chagua moja utakayotumia kutwa nzima, uifunge kamera ndani ya mfuko usiopitisha vumbi unapotembea, na usafishe kwa pampu ndogo ya mpira kabla ya kugusa kioo kwa kitambaa, kwa sababu chembe ya mchanga ikisuguliwa hukwaruza. Simu nayo huchoka kwa joto. Watengenezaji wa iPhone hushauri isitumike penye joto linalozidi nyuzi 35, kiwango ambacho Desemba hupitwa kwa urahisi huko, kwa hiyo ifunike na usiiache kamwe kwenye dashibodi.

Kuhusu nyayo, ombeni wenzenu wapande tuta kwa kufuata njia iliyokwisha kukanyagwa, ili upande mmoja ubaki laini kwa ajili ya kila mwenye kamera. Na mtu asiye wa kundi lenu asipigwe picha kabla ya kuombwa ruhusa na kuitoa kwa hiari.

Kila jioni nakilini picha mahali pawili, na kila nakala ibebwe na mtu tofauti. Mkizigawana kwa WhatsApp, zitumeni kama faili, kwani zikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na atakayetaka kuichapisha moja kwa ukubwa wa kutundika ukutani ataipata haina ukali.