Uliza Ujibiwe: Karatasi ya Matokeo Kutoka Stowmarket

Barua za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, nazo zote zinahusu jambo moja: uchaguzi wa madiwani katika wilaya za vijijini huko Uingereza. Vijana wetu wengi wanafanya kazi huko, na habari za kule huwafikia wazazi kwa simu zikiwa vipande vipande. Tumeanza na barua ndefu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo iliyobeba swali zito.

*Ndugu Mhariri, salaam. Mpwa wangu anawahudumia wazee katika mji wa Stowmarket. Alinitumia picha ya karatasi ya matokeo ya kata yao, uchaguzi wa Mei 2023. Nimejumlisha kura za wagombea kwa kalamu mara tatu, na kila mara jumla inazidi idadi ya watu waliopiga kura, tena kwa mamia. Isitoshe, waliotangazwa washindi ni wawili katika kata hiyo hiyo moja. Je, kura ziliibwa, au ni mimi niliyesahau hesabu? Na ilikuwaje chama cha Green, ambacho mpwa anasema hakikuwahi kupata wingi mahali popote, kikaichukua halmashauri nzima?*
*Mwalimu mstaafu, Newala*

Shikamoo Mwalimu. Hesabu hujaisahau, na hakuna kura iliyoibwa. Sisi tumezoea kwamba kata moja ina diwani mmoja wa kuchaguliwa, na mpiga kura ana kura moja ya udiwani. Katika halmashauri za wilaya za England, ambayo ndiyo sehemu kubwa kabisa ya Uingereza, kata inaweza kutoa diwani mmoja, wawili au hata watatu kulingana na wingi wa watu wake, na mpiga kura hupewa kura kadiri ya viti vinavyogombewa. Kwa kuwa kata ya mpwa wako ina viti viwili, kila aliyeingia kituoni alipokea karatasi moja yenye majina yote, akawa na ruhusa ya kuweka alama ya X mbele ya majina mawili. Hakulazimika kutumia zote mbili, wala hakulazimika kuwapa watu wa chama kimoja.

Tuchukue mfano wa kubuni, kama ambavyo ungefanya wewe mwenyewe ubaoni. Kata ina watu 3,000 walioandikishwa, na waliojitokeza ni 1,000. Green wamesimamisha wagombea wawili, na chama kingine, Conservative, nacho wawili. Mgombea wa kwanza wa Green anapata kura 520 na mwenzake 470, na wale wa Conservative wanapata 400 na 350. Ukijumlisha unapata 1,740, ilhali karatasi zilizotumbukizwa sandukuni ni 1,000 tu. Kama kila mtu angetumia kura zake zote mbili, jumla ingekuwa 2,000, kwa hiyo pengo la kura 260 linatokana na watu walioweka alama moja wakaiacha ya pili. Ndiyo maana asilimia ya waliojitokeza hupigwa kwa hesabu ya karatasi na kamwe si kwa jumla ya kura za wagombea. Katika mfano wetu waliojitokeza ni asilimia 33, na kiwango hicho hakiko mbali na hali halisi, kwa sababu uchaguzi wa madiwani kule kwa kawaida hufanyika Alhamisi ya kwanza ya Mei, mara nyingi bila uchaguzi wa wabunge siku hiyo, na watu wengi hubaki majumbani.

Sasa itazame tena mifano hiyo ya namba, maana ndani yake limo jibu la swali lako la pili. Green wamepata kura 990 kati ya 1,740, sawa na asilimia 57, na wamechukua viti vyote viwili. Conservative wana asilimia 43 na hawakupata hata kimoja. Mwenye kura nyingi hutwaa kiti, na kura za aliyeshindwa haziendi popote. Hali hiyo ikijirudia katika kata baada ya kata, chama kinaweza kuongeza kura kwa kiasi cha wastani tu na bado kikazoa viti vingi mno.

Yaliyotokea Mid Suffolk, ambayo ndiyo wilaya ya mpwa wako, yanafanana na hayo. Ni wilaya ya mashamba ya ngano na shayiri na vijiji vilivyotawanyika, na miji yake ni midogo: Stowmarket, Needham Market na Eye. Halmashauri ina viti 34, hivyo anayetaka kuongoza bila kumtegemea mtu anahitaji viti 18. Mwaka 2019 Conservative walipata viti 16, Green 12, Liberal Democrats 5, na diwani mmoja asiye na chama. (Diwani asiye na chama si kioja huko, wilaya za vijijini huwa nao wengi, ilhali sheria yetu bado inamtaka kila mgombea adhaminiwe na chama.) Tarehe 4 Mei 2023 Green walipata viti 24, Conservative 6 na Liberal Democrats 4. Mpwa wako hakukudanganya: ilikuwa mara ya kwanza kwa chama hicho kupata wingi wa viti katika halmashauri yoyote ya Uingereza.

Mwaka ule Conservative walipoteza viti vya udiwani zaidi ya 1,000 katika England nzima. Walikuwa ndio wenye serikali, gharama za maisha zilikuwa zimepanda, na mwaka 2022 peke yake nchi ilikuwa na mawaziri wakuu watatu: Boris Johnson, Liz Truss na Rishi Sunak. Mahali pengi viti hivyo vilikwenda kwa Labour au Liberal Democrats. Mid Suffolk vilikwenda kwa Green, na kwa maoni yangu sababu kubwa ni wale madiwani 12 wa mwaka 2019. Wananchi waliochoka walimkuta mtu ambaye tayari wanamjua kwa jina na kwa kazi. Green hawakuokota dodo chini ya mwarobaini. Walikuwa wamekwishaupanda mwembe miaka minne nyuma.

Hukuuliza baada ya hapo kunatokea nini, lakini karatasi ya matokeo pekee haimtaji anayeongoza, na nisingependa ubaki hapo. Wananchi hawamchagui kiongozi wa halmashauri. Madiwani wakishachaguliwa hukutana na kumpigia kura mmoja wao, na katika Mid Suffolk walimchagua Andrew Mellen wa Green. Yupo pia mwenyekiti anayeendesha vikao, lakini huyo ni mtu mwingine na kazi yake zaidi ni ya heshima. Mkuu wa wilaya kama wetu hayupo, na mtendaji mkuu huajiriwa na halmashauri yenyewe, tofauti na mkurugenzi wa kwetu ambaye huteuliwa na Rais. Halmashauri ya wilaya hukusanya taka za majumbani, hutoa au hunyima vibali vya ujenzi, hushughulikia makazi ya wasio na nyumba na hukusanya kodi ya makazi. Shule, barabara na huduma za wazee ni za ngazi ya juu yake, ambayo kwa mpwa wako ni halmashauri ya Suffolk. Kwa hiyo akiona shimo barabarani asimlaumu diwani wake wa wilaya, ila lori la taka lisipopita siku yake, huyo ndiye wa kumwandikia. Ngazi hizi mbili huenda zisidumu, kwani Desemba 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuziunganisha kote zilikobaki.

*Nimewahi kuwa wakala wa chama hapa Mikindani. Kwetu kura huhesabiwa kituoni na fomu ya matokeo hubandikwa pale pale. Kule nasikia masanduku hubebwa usiku kupelekwa mahali pengine. Mtu atajuaje kituo chake kimetoa kura ngapi?*
*Msomaji, Mikindani*

Ndugu yangu, kwa kituo kimoja kimoja hatajua, na sheria ndivyo inavyotaka. Vituo hufungwa saa nne usiku, kisha masanduku hupelekwa kwenye ukumbi mmoja, mara nyingi ukumbi wa michezo, na wilaya nyingi za vijijini huhesabu kesho yake. Kwanza kila sanduku hufunguliwa peke yake na karatasi zake huhesabiwa bila kujali nani kapigiwa, ili idadi ilinganishwe na taarifa ya msimamizi wa kituo ya karatasi alizozitoa. Isipolingana, karatasi za sanduku hilo huhesabiwa tena. Baada ya hapo karatasi za masanduku mbalimbali huchanganywa, ndipo kura za wagombea zinapoanza kuhesabiwa.

Wewe uliyekuwa wakala ungejiona nyumbani katika ukumbi ule. Wahesabuji hukaa upande mmoja wa meza, mawakala hujipanga upande wa pili macho yakiwa mezani, na karatasi huwekwa zikitazama juu ili kila mtu aione alama. Yenye mashaka hutengwa na kupelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi, ambaye huionyesha kwa mawakala kabla ya kuamua. Aliyeweka alama ya tiki badala ya X hahesabiwi kuwa ameharibu kura, mradi nia yake ionekane wazi. Aliyechagua watatu penye viti viwili, au aliyeandika kitu kinachomtambulisha, kura yake hukataliwa, na idadi ya zilizokataliwa hutangazwa kwa sababu zake. Karatasi zote hufungwa na kuhifadhiwa mwaka mmoja.

Nimefikiri sana kuhusu tofauti hii. Wenzetu huzichanganya karatasi ili kijiji chenye wapiga kura 80 kisinyooshewe kidole kwamba hakikumpa fulani, na hoja hiyo naiheshimu. Hata hivyo, nimesimama mara nyingi usiku mbele ya ukuta wa shule, tochi ya simu mkononi, watu wakisomeana namba za kituo chao kwa sauti, na mimi nisingekubali karatasi ile ya ukutani iondolewe. Penye imani ndogo, mtu huhitaji kuona namba ya mahali pake mwenyewe.

*Je, wagombea wawili wakilingana kura kabisa?*
*Msomaji, Lindi mjini*

Huhesabiwa upya, na wakibaki sawa msimamizi wa uchaguzi huamua kwa kura ya bahati papo hapo. Uchaguzi haurudiwi. Mwaka 2017 huko Northumberland, kaskazini ya mbali ya England, wagombea wawili walilingana na wakavuta vijiti. Aliyepata kirefu akawa diwani. Aliyepata kifupi alikuwa wa Conservative, na chama chake kikabaki na viti 33 kati ya 67, kimoja pungufu ya wingi. (Hiyo ni halmashauri kubwa kuliko ya wilaya, lakini kanuni ni ile ile.) Fikiria diwani mmoja, na kijiti kimoja, vikiamua kama chama kitaongoza peke yake au kitaomba msaada.

*Binti yangu ni muuguzi huko Uingereza, ana viza ya kazi na pasipoti yetu ya Tanzania. Wenzake wanamwambia ajiandikishe kupiga kura za madiwani. Mimi naogopa asije akaingia matatani na watu wa uhamiaji kwa kupiga kura ya nchi isiyo yake.*
*Mama wa Masasi*

Shikamoo Mama. Hofu yako naielewa, maana kwetu mgeni akipiga kura ni kosa. Kule sheria ni nyingine. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, akiwa na umri wa miaka 18 au zaidi na jina lake limo katika daftari la wapiga kura la mahali anapoishi, ana haki ya kupiga kura ya diwani na hata ya mbunge. Tanzania imo katika Jumuiya hiyo tangu uhuru, na viza yake ya kazi ndiyo ukaazi wake halali. Hatakuwa ameficha chochote, kwa sababu fomu ya kujiandikisha inamuuliza uraia wake, naye ataandika Mtanzania. Tena akiletewa barua na ofisi ya uandikishaji inayomtaka ajiandikishe, asiipuuze, kwani anaweza kutozwa faini.

Jambo la kumkumbusha ni kitambulisho. Tangu Mei 2023 mpiga kura wa England lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha akiwa kituoni, na mwaka huo watu wapatao 14,000 waliokwenda vituoni walikataliwa wasiweze kupiga kura kwa sababu hiyo. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, kwa hiyo ya Tanzania inamtosha, hata ikiwa imeisha muda wake ilimradi sura bado ni yake. Akiwa na zamu ya usiku na anajua hatawahi kituo, anaweza kuomba mapema kupiga kura kwa posta. Akienda mwenyewe, aibebe pasipoti yenyewe mkononi, kwa maana picha yake iliyomo ndani ya simu haipokelewi.