Kabla hujatuma amana: namna ya kumjua mwenye nyumba kaunti ya Baltimore

Ndugu, umeuliza mambo mawili. Yule bwana wa Parkville, hapa Maryland, Marekani, anayetaka kukupangisha nyumba na kupokea dola 1,800 za amana kabla hajakuonyesha ufunguo, utamjuaje kama nyumba ni yake? Na zile tovuti zinazoahidi "rekodi zote" za mtu kwa dola moja, zinafaa?

La pili nalimaliza haraka kwa sababu liliniuma. Hiyo dola moja niliilipa. Mwezi uliofuata nikakatwa dola 28, na uliofuata tena, mpaka nikaenda benki kubadilisha kadi. Nilichopewa ni orodha ya watu wenye jina linalofanana na la mtu niliyemtafuta, mmoja wao marehemu. Kilichokuwa cha kweli humo kilichotwa kwenye rekodi za serikali, nazo mimi na wewe tunazisoma bure.

Sasa la kwanza. Kabla ya yote, hakikisha unajua uko wapi, na usicheke. Sisi sote tukipigiwa simu kutoka nyumbani tunasema "nakaa Baltimore", lakini jiji la Baltimore na kaunti ya Baltimore ni serikali mbili mbalimbali tangu 1851. Kaunti imelizunguka jiji karibu pande zote, ina watu 854,535 kwa hesabu ya 2020, na ndani yake hakuna hata manispaa moja. Towson, Parkville, Dundalk, Owings Mills, yote hayo ni majina ya vitongoji tu, hayana meya wala baraza. Kinachotuchanganya ni posta. Barua ya Parkville huandikwa "Baltimore, MD 21234", basi mtu anachagua jiji, anatafuta, hapati kitu, anaanza kumshuku mwenye nyumba bure. Mimi jioni nzima ilinipotea hivyo. Nyumba ya Parkville iko kaunti, basi chagua kaunti.

Halafu anza na nyumba, jina la mtu liache kwanza. Fungua tovuti ya SDAT, idara ya jimbo la Maryland inayokadiria thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi ya serikali. Humo hutafuti kwa jina la mmiliki hata ukitaka, unatafuta kwa anwani. Andika namba ya nyumba na jina la mtaa peke yake, usiongeze "Road" wala "Avenue" wala "Street". Ukiongeza itakuambia hakuna, na wengi hukata tamaa hapo hapo.

Ukurasa ukifunguka, usikimbilie thamani ya nyumba kama tunavyofanya wote (najua utaangalia na ya jirani yako pia, na ya bosi wako). Tazama jina la mmiliki na anwani anakopokelea barua. Tazama palipoandikwa kama hayo ni makazi yake makuu, ndiyo au hapana. Anayekuambia "mimi naishi hapa, nasafiri tu kikazi" na hapo pameandikwa hapana, mwulize vizuri. Tazama mwaka nyumba ilipojengwa: ikiwa ni kabla ya 1978 na inapangishwa, sheria ya Maryland inamtaka mwenye nyumba aisajili kwa ajili ya rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kama una mtoto mdogo hilo si jambo la kupita nalo. Chini yake utaona nani alimuuzia nani, lini na kwa bei gani. Mwisho kuna namba mbili kati ya mistari ya mkwaju. Hizo ziandike kwenye karatasi, ni za jalada na ukurasa wa hati yenyewe.

Namba hizo unakwenda nazo MDLANDREC, tovuti ya nyaraka za ardhi inayoendeshwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Maryland. Unajiandikisha kwa barua pepe, hulipi. Chagua kaunti ya Baltimore, weka jalada, weka ukurasa, na hati inakujia ilivyo, na sahihi na mihuri yake. Huku kuna faharasa ya majina pia, kwa hiyo ukishamjua mmiliki unaweza kuona hati nyingine zilizoandikishwa kwa jina lake, hasa rehani. Nyumba iliyouzwa juzi inaweza isionekane bado, maana karatasi huchukua wiki kadhaa kufika kote.

Nikupe mfano wa shemeji yangu, ndiye aliyenifanya nijifunze haya yote. Mwaka 2022 alipata nyumba upande wa mashariki wa kaunti, kodi nafuu kupita kiasi, na jamaa anayemwonyesha ni mcheshi, anamwita "kaka". SDAT ikatuambia mmiliki ni kampuni. Si ajabu, nyumba nyingi za kupangisha hapa ziko chini ya kampuni ndogo. Tukaitafuta kampuni hiyo kwenye daftari la biashara la jimbo, nalo pia ni la bure. Hali yake: imefutiwa haki ya kufanya biashara, haijawasilisha ripoti zake. Tukarudi kwenye nyaraka za ardhi, rehani ipo, haijaandikishwa kuwa imelipwa. Tukaingia kwenye rekodi za mahakama, na hapo ndipo shemeji alipoweka simu chini akanyamaza. Kesi ya kunadi nyumba kwa deni la rehani ilikuwa imefunguliwa miezi minne nyuma. Yule jamaa mcheshi hakuwa mmiliki, wala jina lake halikuonekana popote. Tulipomwuliza kwa ujumbe, hakujibu tena mpaka leo.

Rekodi hizo za mahakama zinaitwa Maryland Judiciary Case Search, na zinahusu jimbo zima: madai, jinai, trafiki, kesi za kodi ya pango, kesi za kunadi nyumba. Hapa ndipo jina linapotumika, na hapa ndipo majina yetu yanapotutesa. Karani aliyeandika Mohamed leo kesho ataandika Mohammed au Muhammad. Mwenye majina matatu huandikwa la babu kama la ukoo, au la kati likaangushwa. Jaribu kila namna, na ukipata linalolingana usishangilie wala usihukumu, kwanza linganisha anwani. Halafu kusoma kuwa mtu alishtakiwa si sawa na kusoma kuwa alipatikana na hatia. Shuka mpaka mwisho uone kesi iliishaje. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wa jumuiya yetu wakichafuana kwenye magrupu ya WhatsApp kwa picha ya kesi iliyotupiliwa mbali zamani. Na ujue mwenye nyumba naye anakutafuta wewe humo humo, basi jitafute mwenyewe kabla yake.

Kama mmiliki aliyeandikwa amefariki (hutokea sana, watoto wanapangisha nyumba ya mama bila kubadilisha jina), Msajili wa Wasia ana utafutaji wake wa mirathi mtandaoni. Angalia nani aliteuliwa kusimamia. Huyo ndiye wa kusaini mkataba nawe, si mtoto yeyote mwenye ufunguo.

Wewe unapanga tu, lakini nina jambo kwa wale wanaosoma uzi huu wakifikiria kununua. Sisi wa Mombasa tunaijua nyumba bila ardhi. Bibi yangu, mtaani Majengo, alimiliki kuta na paa, kiwanja cha mwingine, na kila mwezi anakuja mtu na daftari. Niliamini nimeyaacha huko. Kumbe hapa Baltimore, jijini na kaunti, kwa baadhi ya nyumba jambo ni lile lile: unanunua nyumba, ardhi iliyo chini yake ina mwenyewe, kwa mkataba wa miaka 99 unaojirudia milele. Kodi ya ardhi hiyo ni ndogo, mara nyingi dola 50 hadi 150 kwa mwaka, lakini ukiisahau deni hukua na gharama za mawakili juu yake. Kwenye ukurasa ule ule wa SDAT, juu kabisa, kuna kitufe cha kuona kama kodi ya ardhi imesajiliwa. Mwenye ardhi asiyesajili hana haki ya kuidai. Tofauti na Majengo, hapa unaweza kujikomboa: kwa mikataba mingi ya zamani unagawanya kodi ya mwaka kwa 0.06, hivyo kodi ya dola 96 unaimaliza kwa dola 1,600, na ardhi inakuwa yako. Sikumbuki kuona bibi akipewa nafasi hiyo.

Ukishanunua, utaletewa barua yenye nembo ya tai, inadai dola 90 na kitu ili upewe nakala ya hati yako. Itupe. Umeshajua inapatikana wapi.

Yasiyokuwa mtandaoni unayaomba kwa maandishi chini ya sheria ya Maryland ya taarifa za umma: ofisi ina siku 30 za kujibu, na saa mbili za kwanza za kutafuta hawakutozi. Vyeti vya kuzaliwa usihangaike, haviko wazi kwa kila mtu. Ukipenda kuonana na watu, jengo la mahakama za kaunti liko Bosley Avenue, Towson, na makarani wa nyaraka za ardhi na wa wasia wote wako humo. Mimi nimekwenda mara tatu, sikuulizwa natoka wapi wala nina karatasi gani. Maegesho ndiyo mtihani.

Kwa huyo bwana wako, fanya hivi usiku wa leo. Weka anwani SDAT, soma jina. Halafu mwombe picha ya kitambulisho chake, au ya barua ya kampuni inayomruhusu kupangisha, pamoja na namba ya leseni ya kupangisha, maana kaunti inaitaka kwa nyumba ndogo kama hiyo. Mwenye nyumba wa kweli atanung'unika kisha ataleta. Amana iache benki mpaka uwe umesimama ndani ya nyumba na ufunguo umegeuka. Ukikwama kwenye jalada na ukurasa, niandikie inbox, mimi hutoka zamu saa nne usiku.