Bata amekalia visigino, kifaranga anapiga msamba

SWALI: Shikamoo bibi. Nina vifaranga watano wa bata, leo wana siku ya kumi, na wanane wa kuku wenye siku tatu. Niliwatoa kwa mama zao kwa kuogopa mwewe, sasa wote wako kwenye boksi moja nililotandika magazeti, usiku nawawashia kandili. Nawapa pumba za mahindi. Bata wawili wanakalia visigino, wakijaribu kutembea wanaanguka. Kifaranga mmoja wa kuku miguu imeachana, huu kushoto huu kulia. Mwingine kinyesi kimemziba nyuma. Jirani anasema ni kideri, niwatupe wote. Nifanyeje?
Mama Mapacha, Gungu, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimtupe hata mmoja. Hapo una matatizo matatu, na kila moja lina chanzo chake.

Nianze na bata, hao ndio wanaonitia wasiwasi. Kifaranga wa bata anahitaji niasini, mojawapo ya vitamini B, kuliko wa kuku. Mahindi yanayo, lakini imejifunga humo ndani, tumbo la ndege haliipati. Kwa pumba tupu, bata ndiye anayelegea miguu wa kwanza. Na wewe unakaa Kigoma! Shuka Kibirizi ununue dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, maana chumvi nyingi inaua vifaranga. Watwange, kisha chekecha mara mbili, kwa kuwa dagaa walioanikwa chini huja na mchanga wao. Changanya konzi moja ya dagaa na konzi tisa za chakula cha vifaranga cha dukani. Pumba ziache, na zikinuka ukungu ndiyo kabisa: sumukuvu humwangusha bata mdogo upesi kuliko kuku.

Hao wawili walioanguka wasisubiri dagaa peke yake. Duka la dawa za mifugo wana unga wa vitamini wa kuyeyusha kwenye maji. Soma pakiti, uone imetaja niasini au B3, na kipimo ni kile kilichoandikwa. Mwaka juzi hapa kwangu Ujiji nilikuwa na mmoja wa hivyo, nikimsogezea kisosi cha maji mdomoni kama mgonjwa. Siku ya nne nilimkuta mlangoni mwa jiko. Mwenzake nilichelewa naye, kiungo kilikuwa kimeshapinda, akabaki kilema.

Anayepiga msamba ameponzwa na magazeti yako. Gazeti linateleza, mguu mchanga haupati pa kushika. Litoe leo, tandika kipande cha gunia. Kata plasta ya kidonda iwe nyembamba kama utambi, izungushe kila mguu juu kidogo ya vidole, uiunganishe katikati kama pingu, miguu ikae chini ya mwili wake sawasawa. Usikaze. Mwanzoni atabiringika na kulalamika, mwache azoee, ila mfikishe kwenye maji na chakula. Kila siku ifungue utazame ngozi. Kwa umri wake, siku mbili hadi nne hutosha. Angekuwa wa wiki mbili ningesema maneno mengine.

Aliyeziba, chovya pamba kwenye maji ya vuguvugu, lowesha mpaka kinyesi kilainike chenyewe. Ukikivuta kikavu utamchuna ngozi. Mkaushe, mpake vaselini kidogo. Na uangalie ni wapi unaposafisha: kitovu kiko jirani hapo, kikiwa na uzi mkavu usiung'oe. Tatizo hili mara nyingi huletwa na baridi. Usiku wachungulie: wakirundikana na kulia wana baridi, wakijitenga na kandili huku wakihema midomo wazi wamezidiwa joto.

Halafu watenganishe. Bata anataka maji ya kuzamisha pua zote, na akinywa analowesha kila kitu, vifaranga wa kuku walale majimaji. Lakini usimtie beseni aogelee. Asiye na mama hana mafuta ya kutosha kwenye manyoya, atalowa na kupigwa na baridi.

Kuhusu kideri, jirani hajakosea kuwa nacho hupooza miguu. Ila kingekuja na kukoroma, kuhara kijani, shingo kupinda, na kuku wakubwa wa uani wangekuwa wanakufa. Ukiona hayo usiniandikie mimi, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.