Kupima presha mtaani pekee hakutoshi

Ndugu, umeuliza kama hospitali kupeleka mashine za presha mtaani mara moja kwa mwaka kunapunguza pengo la afya kati ya makundi ya watu. Kwa maoni yangu, kidogo mno, kama dawa nazo hazifiki hukohuko.

Tazama utafiti wa saluni za kiume za Los Angeles uliochapishwa 2018. Ulihusisha wanaume Weusi 319 wenye presha isiyodhibitiwa, wateja wa kudumu wa saluni 52. Katika baadhi ya saluni, kinyozi aliwahimiza wabadili mtindo wa maisha na waende kwa daktari. Katika nyingine aliwakutanisha na mfamasia aliyekuja palepale saluni, akawapima na kuwaandikia dawa kwa makubaliano na madaktari wao.

Baada ya miezi 6, kwa waliokutana na mfamasia namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka kwa wastani wa 27. Wenzao waliohimizwa tu walishuka 9. Na hao wenzao pia walikuwa na kinyozi wanayemwamini! Kwa hiyo wanaosema tatizo ni elimu tu, sikubaliani nao. Kinyozi anafungua mlango, lakini lazima awepo mtu mwenye dawa wa kuingia.

Mkikaa na hospitali kupanga ushirikiano wenu, swali la kwanza liwe hili: ruzuku ikiisha, nani atamlipa mfamasia? Miradi mingi hufia hapo, wala si kwa wananchi kukataa huduma.