Maswali ya Wasomaji: Mashine Kongwe ya Mwangwi wa Tepu kwa Kurekodi Gitaa

SWALI: Wahariri, salamu. Narekodi gitaa la umeme kwa kompyuta na kadi ya sauti. Natafuta mashine kongwe ya mwangwi wa tepu, na majina ninayoyasikia kila mara ni matatu: Echoplex, Roland Space Echo na Watkins Copicat. Nichukue ipi, na iliyokwishatumika inakaguliwaje?

JIBU: Mashine hizi hurekodi sauti kwenye tepu ya sumaku inayozunguka na kuisoma tena baada ya muda mfupi, ndiyo mwangwi. Jina lisubiri kwanza, tuanze na umeme. Echoplex ina mota ya AC ambayo kasi yake hufuata hezi (Hz) za umeme, yaani mara ngapi unabadili mwelekeo kwa sekunde. Iliyoundwa Marekani kwa 60 Hz ukiichomeka kwenye 50 Hz itazunguka polepole kwa karibu asilimia 17, na mwangwi wa milisekunde (ms) 300 utakuwa 360 ms. Noti hazitashuka, kwa sababu kurekodi na kusoma hufanyika kwa kasi ileile, ila sauti nyembamba za juu zitapungua. Transfoma haitakusaidia hapo: hubadili volti, hezi haizigusi. Fundi hulazimika kubadili kipenyo cha mhimili unaozungushwa na mota. Roland RE-201, Space Echo iliyotoka 1974, ina mota ya DC, kwa hiyo kwake ni volti tu. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Iliyouzwa Japani hutaka volti 100.

Tofauti ya pili ni jinsi kila moja inavyobadili muda wa mwangwi. Muda huo ni umbali kati ya hedi (kichwa cha sumaku kinachogusa tepu) ya kurekodi na hedi ya kusoma, ugawanye kwa kasi ya tepu: sentimita 5 kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde ni kama 263 ms. Echoplex huacha kasi ilivyo na kusogeza hedi ya kurekodi kwenye reli, hivyo mwangwi mfupi na mrefu hung'aa karibu sawasawa. Space Echo huacha hedi zake tatu za kusoma mahali pake na kubadili kasi ya mota. Ukirefusha muda, tepu inakwenda taratibu na marudio yanafifia. Wengi huipenda kwa sababu hiyohiyo, maana mwangwi mrefu hauigombanii sauti halisi ya gitaa. Hedi ya pili hutoa muda unaokaribia mara mbili ya ile ya kwanza, na ya tatu unakaribia mara tatu. Copicat, aliyoianzisha Charlie Watkins jijini London mwaka 1958, ni nyepesi na mitambo yake ni rahisi kuelewa, ila tepu yake ni fupi, hupita kwenye hedi mara nyingi zaidi na huchakaa upesi.

Kwa kurekodi, sisi tungechagua RE-201. RE-101 na RE-150, ndugu zake katika familia ya Space Echo, hazina riverb ya springi (sauti ya kama ukumbini inayotolewa na springi), lakini mwenye kompyuta hapungukiwi kitu kwa hilo. Echoplex EP-3, ile ya transista, inunue kama unaitaka kwa ajili ya saketi yake ya kuingizia sauti. Wapo wanaopitisha gitaa humo mwangwi ukiwa umefungwa kabisa.

Sasa ukaguzi. Nenda na gitaa, waya na tochi. Piga noti moja ndefu, sikiliza marudio. Yakitetemeka harakaharaka, rola ya mpira imekuwa ngumu au imebonyea kwa kuachwa imebanwa miaka mingi, au mhimili unaovuta tepu una uchafu. Yakiyumba polepole, tepu inakwama njiani. Kasoro inayorudi mara moja kila tepu inapomaliza mzunguko ni kiungo chake, na hiyo isikutishe.

Zungusha kitufe cha marudio hadi mwisho: mwangwi unapaswa kujilisha wenyewe na kupanda bila kukoma. Ukifa, hedi ni chafu au zimechakaa, tepu imechoka, au saketi inataka kurekebishwa. Kisha rudisha marudio kwenye sifuri, acha kupiga, ngoja tepu izunguke mara kadhaa. Ukiendelea kusikia sauti ya zamani, ufutaji umekufa. Kama pamoja na hilo mwangwi ni dhaifu na umekwaruza, mshuku osileta, saketi inayozalisha mawimbi ya umeme ya kasi kubwa, kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayolisha hedi ya kufuta na ya kurekodi kwa pamoja.

Mwisho zima, chomoa, fungua kifuniko na umulike hedi. Mstari unaong'aa ni wa kawaida. Ukucha ukinasa kwenye ngazi iliyochimbwa na tepu, hedi hiyo inahitaji kusuguliwa upya au kubadilishwa, na hapo bei ishuke sana au uondoke. Mvumo wa umeme usikutishe hivyo. Kwa kawaida ni kapasita zilizokauka. Mashine za valvu usiziguse ndani mwenyewe: kapasita zake hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa.

SWALI: Nikiwa nayo, naiungaje na kadi ya sauti?

JIBU: Toleo la laini (tundu la kutolea sauti) la kadi nyingi ni +4 dBu, yaani kama volti 1.23, nyingi mno kwa tundu la gitaa. Tumia kisanduku cha kurudishia sauti kwenye vifaa vya gitaa, au punguza kama dB 20. Muhimu zaidi, mashine irudishe mwangwi mtupu. Ikirudisha na sauti halisi, itachelewa milisekunde chache, na ikichanganyika na ile iliyomo kwenye kompyuta gitaa litakuwa jembamba kama linapigwa ndani ya bomba. Isipowezekana kuizima, rekodi gitaa moja kwa moja kupitia mashine na uhifadhi nakala safi kwenye njia nyingine.

Ingiza sauti kwa nguvu hadi marudio yaanze kunenepa, kisha rudi nyuma kidogo. Ukiingiza kwa woga utarekodi kelele ya tepu. Kwa muda, gawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika: mapigo 100 ni 600 ms, nusu yake 300. Washa dakika kumi kabla ili kasi itulie, na usitarajie ilingane na kompyuta hadi milisekunde.

SWALI: Tepu yoyote inafaa? Na usafi je?

JIBU: Upana ni milimita 6.35, lakini kwa RE-201 tafuta iliyopakwa kilainishi mgongoni, kwa sababu hulala huru kisandukuni ikijisugua yenyewe. Kata kwa wembe usio na sumaku, nyuzi 45, na utepe wa gundi wa kuungia ukae mgongoni, usitokeze pembeni.

Hedi zisafishe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na kijiti cha pamba. Rola ya mpira ifute kwa maji na sabuni kidogo tu. Ukiondoa sumaku kwenye hedi, mashine iwe imezimwa na tepu imetolewa. Kifaa cha kuondolea kiwashe kikiwa mbali, kipitishe taratibu, kisha kirudishe nyuma kama mita moja kabla ya kukizima. Ukikizima karibu, utakuwa umezitia hedi sumaku kuliko ilivyokuwa.